Zawiya ya Vipofu katika Azhar: Nani Amlipe Mshika Mkono?

 

Baada ya darsa moja ya usiku alitukabili kijana mmoja asiyeona, mwanafunzi wa chuo kikuu, akatuuliza kama Ijumaa ni wajibu juu yake. Msikiti wanaoutumia hapo chuoni kwao uko ghorofani, na rafiki yake aliyekuwa akimshika mkono amekwisha maliza masomo na kurudi kwao. Jibu tulikuwa nalo mdomoni, kwa kuwa ni mas-ala yanayosomeshwa katika kila darsa ya Minhaj pwani hii. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) ameeleza kuwa mzee mkongwe na kiwete huwajibika kwenda Ijumaa wakipata kipando, na kipofu akipata wa kumwongoza. Tukamwambia: ikiwa huna wa kukuongoza, huna dhambi. Yule kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa sheikh, Ijumaa nimesamehewa. Na darsa za chuo nazo nimesamehewa?"

Hapo hatukuwa na jibu la mdomoni. Makala haya ni matokeo ya kwenda kulitafuta, na tumelitafuta zaidi katika vitabu vya tarekhe kuliko vya fiqhi, kwa sababu swali lake hasa halikuwa juu ya hukumu. Yeye alitaka kujua wale wa kabla yake walisoma vipi.

Tuanze na fiqhi kwa ufupi. Wafafanuzi wa Minhaj hawakuishia kwenye neno "akipata". Walisema huyo mwongozaji anaweza kuwa wa kujitolea, au wa kukodiwa kwa ujira wa kawaida, maadamu kipofu ana mali ya kumlipa iliyozidi mahitaji yake. Qadhi Husayn (aliyefariki mwaka 462 H) akaongeza kuwa kipofu aliye hodari wa kutembea kwa fimbo bila ya mtu, huyo anawajibika. Imam Abu Hanifa alikuwa mwepesi zaidi, akasema kipofu hawajibiki hata akipata mwongozaji, ilhali wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walikwenda njia iliyo karibu na yetu. Katika Hija pia mashafii wanamwajibisha kipofu mwenye mwongozaji, wakamfananisha mwongozaji huyo na maharimu kwa mwanamke. Msomaji ataona kwamba maulamaa hawa hawakukitazama kilema peke yake. Walitazama kilema pamoja na nyenzo: kipando, mkono wa kushikwa, ujira. Nyenzo zikipatikana, mtu anarudi katika safu kama wengine. Hata uimamu, kauli iliyotegemewa katika madhehebu yetu ni kuwa kipofu na mwenye kuona ni sawasawa.

Hatusemi kuwa milango yote ilikuwa wazi. Katika ushahidi, mashafii wameubana ushahidi wa kipofu isipokuwa katika mambo maalumu, na Imam Malik akaupokea katika yale yanayosikiwa. Katika ukadhi walio wengi walishurutisha kuona. Ibn Abi Asrun, kadhi mkubwa wa Damascus zama za Sultan Salahuddin, alipofuka mwishoni mwa umri wake, naye akaandika risala ya kujuzisha ukadhi wa kipofu, kinyume na kauli mashuhuri ya madhehebu yake mwenyewe. Sultan hakumvunjia heshima, jina la ukadhi likabaki kwake na kazi ikafanywa na mwanawe, mpaka alipofariki mwaka 585 H (1189). Wapo waliosema kwamba alijiandikia fatwa yake mwenyewe. Sisi tunasema kwamba hakuna aliyelijua suala lile kwa ndani kama yeye.

Ama kielelezo cha kwanza, kila mmoja wetu anakijua. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuja kutaka kufundishwa, Mtume (S.A.W.) akiwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, na sura ya 80 ikateremka kwa ajili yake. Tunaisoma sura hiyo mara nyingi tukaishia kwenye adabu ya kutokunja uso. Lakini tuangalie tukio lenyewe: alikuwa ni mwanafunzi asiyeona aliyekuja kutafuta elimu, na mwalimu akakumbushwa na Mola wake kuwa huyu ndiye aliyekuja kwa bidii. Baadaye akawa muadhini pamoja na Bilal (R.A.), na akaachiwa Madina mara nyingi Mtume (S.A.W.) alipotoka safarini. Huyo ni mtu aliyepewa kazi.

Serikali iliingia katika jambo hili mapema. Tabari ametaja katika habari za mwaka 96 H kwamba Khalifa Walid bin Abdulmalik aliwapangia wagonjwa wa ukoma posho ili wasiombe watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Banu Umayya tunawajua kwa mengine pia, na hatuna haja ya kuyafunika, lakini haki isemwe: mshika mkono alilipwa kutoka Baitul-mali. Imepokewa vilevile kuwa Umar bin Abdulaziz (R.A.) aliamuru waandikwe vipofu na wasiojiweza wa Sham ili wapangiwe wa kuwahudumia.

Katika vyuo, vipofu waliofikia daraja za juu ni wengi mno kiasi kwamba Salahuddin Safadi (aliyefariki mwaka 764 H, 1363) aliweza kuwaandikia kitabu kizima, Naktul-Himyan, kilichopigwa chapa Cairo mwaka 1911. Tutawataja wachache tu. Imam Shatibi, aliyezaliwa Andalus mwaka 538 H akiwa haoni, alihamia Misri, na Qadhi Fadhil akamweka kuwa mkuu wa usomeshaji wa Qur'ani katika madrasa yake, Fadhiliyya, iliyojengwa mwaka 580 H. Utenzi wake wa beti 1173 juu ya visomo saba unahifadhiwa hadi leo na kila anayetaka fani ile. Aliutunga kwa kuimlisha, na wenye macho wakaandika.

Baghdad alikuwepo Zainuddin Aamidi, mwanachuoni wa Kihanbali aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 8 H. Safadi anasimulia kuwa alikuwa akifanya biashara ya vitabu. Kila alipokinunua kitabu alikunja kipande cha karatasi nyembamba akakisokota kwa umbo la herufi zenye hesabu ya bei, akakigandisha upande wa ndani wa jalada na kubandika karatasi juu yake. Akisahau bei, alipapasa kwa kidole. Na alipokuja mfalme Ghazan wa Wamongolia katika madrasa ya Mustansiriyya mwaka 695 H, alitaka kumjaribu, akawatanguliza maamiri wake mmoja mmoja wasalimiane naye na watu wawaadhimishe kama kwamba kila mmoja wao ndiye mfalme. Zainuddin hakuhadaika hata kwa mmoja, mpaka alipofika Ghazan mwenyewe ndipo alipoinuka na kumkirimu.

Hapa tuna neno na baadhi ya wahadhiri wetu. Wanasema mimbarini kwamba Aamidi ndiye aliyegundua maandishi ya vipofu, na kwamba Mfaransa Louis Braille alichukua kwake. Hilo halimo katika kitabu cha Safadi. Kilichomo ni alama za bei katika majalada ya vitabu vya mtu mmoja, na hakuna dalili kuwa zilimvuka yeye zikawafikia wengine. Braille aliyachapisha maandishi yake ya nukta mwaka 1829 akiwa mwalimu katika shule ya vipofu ya Paris, na yakaenea kwa sababu palikuwa na shule ya kuyabeba. Aamidi hakufuatwa na chuo cha kuichukua hila yake. Kujisifu kwa asichokifanya ni kumdhulumu, na pia ni kujikosesha sisi funzo lenyewe.

Na wasioona hawakuwa peke yao. Zamakhshari (467–538 H), mwenye Kash-shaf, mguu wake mmoja ulikatika, akatembea kwa mguu wa mti chini ya kanzu ndefu, na kwa mguu huo akasafiri hadi Makka na kukaa huko mpaka akaitwa Jarullah. Abul-Abbas Asamm wa Naisabur (247–346 H), ambaye ni njia kubwa ya kutufikia vitabu vya Imam Shafi'i kutoka kwa Rabi', alipata uziwi akiwa kijana baada ya kurudi katika safari ya kutafuta hadithi, na watu waliendelea kumsafiria kwa miongo mingi. Mwisho wa umri wake macho nayo yakaondoka. Hakim, mwanafunzi wake, ametaja kuwa hapo riwaya zilikatika isipokuwa jambo dogo: walipomtia kalamu mkononi alijua kwa kuigusa kwamba wamekuja kutaka hadithi, naye akawasomea kwa moyo hadithi 14 na visa saba alivyokuwa amevihifadhi. Mtu haoni na hasikii, na bado darsa ilipata njia ya kupita, kupitia kalamu.

Sasa tuje Azhar, maana hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo swali la kijana yule linalihitaji.

Mwaka 1148 H (1735) Uthman Katkhuda, mmoja wa wakubwa wa jeshi wa Misri ya Kiuthmani, alijenga nje ya msikiti wa Azhar, upande wa mashariki, zawiya kwa ajili ya wanafunzi vipofu: Zawiyatul-Umyan. Ilikuwa na mihrabu yake, mahali pake pa kutawadhia, na vyumba vya kukaa. Akaiwekea waqfu wa kuiendesha, na ikawa kawaida kuwa sheikh wa zawiya ni kipofu mwenyewe. Uthman hakuishi kuiona ikikua, kwani aliuawa mwaka uliofuata, lakini waqfu ulibaki. Karne moja baadaye Muingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, alitaja kuwa vipofu waliokuwa wakitunzwa hapo wanafika kama 300, wengi wao wanafunzi.

Zawiya haikuwa darsa yao. Vipofu walilala pale, wakatawadha pale na kupata mkate wao pale, lakini kusoma walisoma ndani ya Azhar, katika duara lilelile chini ya nguzo ileile, pamoja na wenye macho. Mwalimu alisoma matini kwa sauti, akafafanua, mwanafunzi akahifadhi na kurudia. Katika mfumo huo kipofu alikosa kidogo sana. Pengine alitangulia, maana wengi wao waliingia wakiwa wamekwisha hifadhi Qur'ani, na hifadhi ndiyo iliyokuwa mtaji. Kilichomsumbua kilikuwa nje ya duara: apite wapi, ale nini, alale wapi. Uthman Katkhuda aliyatatua hayo.

Wala tusidhani walikuwa watu wanyonge wa kuhurumiwa. Sheikh Sulaiman Jausaqi, mkuu wa vipofu, alikuwa miongoni mwa mashekhe waliouawa na Wafaransa baada ya watu wa Cairo kuinuka dhidi ya jeshi la Bonaparte mwaka 1213 H (1798). Jabarti, aliyeyashuhudia mambo hayo, anamhesabu katika waliouawa, lakini hamwachi hivihivi. Anamlaumu kwa ukali na kwa kujikusanyia mali kupitia cheo chake juu ya vipofu. Basi mtu mmoja amekuwa shahidi wa mji wake na pia mlaji wa haki za wenziwe. Tarekhe haikutuahidi watu wepesi kuwaelewa.

Kisa cha Sheikh Hasan Quwaisni ni cha ajabu zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa kipofu na mwanachuoni mkubwa. Lane anasimulia kuwa alipowekwa kuwa sheikh wa zawiya, jambo la kwanza alilofanya ni kuamuru kila aliyekuwemo achapwe viboko. Vipofu wakamwinukia, wakamfunga, wakamchapa yeye zaidi ya walivyochapwa, na wakamlazimisha aache cheo. Baadaye Quwaisni huyo huyo akawa Sheikh wa Azhar nzima, tangu mwaka 1250 H mpaka alipofariki mwaka 1254 H (1834–1838). Azhar ikaongozwa na mtu asiyeona, na hakuna aliyeliona hilo kuwa kizuizi. Ama vipofu wa zawiya, aliwashindwa.

Lane anawasema sana kwa fujo zao, kwamba walipopunguziwa posho walitoka na fimbo wakawavua watu vilemba na kupora maduka. Msomaji mwadilifu atauliza kwa nini posho ilipunguzwa. Muhammad Ali Pasha alitwaa ardhi za waqfu za misikiti katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, na Lane mwenyewe anakiri kuwa Azhar ilipoteza sehemu kubwa ya mali yake. Mwenye macho akikosa mkate wa waqfu alikuwa na pa kwenda, akaandika nakala za vitabu au akarudi shambani. Kipofu hakuwa na mlango mwingine ila ule. Hatuhalalishi uporaji, lakini njaa ile ilikuwa na mwenyewe.

Kisha Azhar ilianza kubadilika, mitihani ikawekewa kanuni tangu sheria ya mwaka 1872, na baadaye kuandika kukachukua nafasi ya kuhifadhi. Taha Husein, aliyeingia Azhar mwaka 1902, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi mtahini alivyomwita kwa upofu wake badala ya jina lake, na jinsi neno lile lilivyomchoma. Kwa yale aliyoyaandika mwaka 1926 juu ya mashairi ya Jahiliyya hatuko pamoja naye. Lakini katika lile la mtahini, haki ilikuwa yake, na aibu ilikuwa ya mashekhe.

Sisi wenyewe hatuko mbali na aibu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulisomesha katika chuo kimoja cha pwani, tutakisitiri jina. Alikuwepo kijana asiyeona aliyeihifadhi Alfiyya ya Ibn Malik yote kwa kusomewa na mwenzake wa chumbani. Mwenzake akahitimu. Mtihani wa mwaka ule ukaja kwa karatasi, na baraza la walimu, nasi tumo ndani yake, likaamua kuwa kanuni ni kanuni. Hakuna aliyependekeza aulizwe kwa mdomo, ingawa kila mmoja wetu alikuwa na ijaza aliyoipata kwa mdomo kutoka kwa sheikh wake. Kijana akaondoka. Tulipokuwa tukisoma habari za Azhar kwa ajili ya makala haya, ndiye tuliyekuwa tukimkumbuka.

Nchi za Kiislamu zimeendelea kutoa maulamaa wasioona mpaka zama zetu. Sheikh Muhammad bin Ibrahim (aliyefariki 1389 H, 1969), rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, na Sheikh Abdulaziz bin Baz (aliyefariki 1420 H, 1999), aliyekiongoza chuo hicho baadaye, wote walikuwa hawaoni. Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wamesoma hapo. Lakini kuwataja wakubwa hawa kusiwe njia ya kukwepa. Wao walikuwa na wasomaji na waandishi waliowekwa kwa ajili yao. Kijana wetu ana simu na fimbo.

Na chuo chake si Azhar ya zamani. Elimu imehamia katika karatasi, ubao na kioo cha kompyuta. Maktaba iko ghorofa ya tatu. Vijana wasioona tuliokutana nao wamefundishwa nukta nundu za Kiswahili na Kiingereza, lakini za Kiarabu, ambazo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, hawakufundishwa, kwa hiyo msahafu wa nukta nundu ukiletwa zawadi kutoka nje unabaki kabatini. Mwenye kiti cha magurudumu anaikuta sehemu ya udhu ina vidato vitatu. Asiyesikia hana mkalimani wa lugha ya alama katika khutba wala katika muhadhara. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2010, ila saruji ya vidato vile haisomi sheria. Na nyingi ya sehemu za udhu hizo tumezijenga sisi Waislamu kwa sadaka zetu, si serikali.

Turudi kwa swali, nalo limebaki kuwa ni la mali: nani amlipe mshika mkono? Walid alilipa kutoka Baitul-mali, na sisi hatuna Baitul-mali. Uthman Katkhuda alilipa kwa waqfu. Zaka nayo ina nafasi, kwa mpaka wake. Maulamaa wa madhehebu yetu wamesema mwenye kushughulika na elimu ya sheria, ambaye akichuma mali atakatika na elimu, huhesabiwa katika mafakiri wanaostahiki zaka. Asiyeona na asiye na kipato anastahiki kwa ufakiri wake kabla hata ya usomi wake. Basi inafaa apewe yeye mwenyewe mkononi, akaajiri msomaji au mwongozaji. Ama kuchukua zaka na kujengea mteremko wa kiti cha magurudumu au choo cha msikiti, kauli ya jamhuri haikubali, kwa kuwa zaka hushurutisha kummilikisha mtu. Ujenzi utafutiwe sadaka na waqfu. Tunasema hili waziwazi kwa sababu kamati kadhaa za misikiti zimetuuliza, na baadhi yao walikuwa wamekwisha anza kuchanganya mafungu.

Na darsa, je, amesamehewa? Ikiwa ni elimu iliyo faradhi kwa kila mtu, kama sharti za swala yake, hasamehewi, na wajibu wa kumfikishia unawarudia waliomzunguka mpaka mmoja wao aufanye. Ikiwa ni shahada yake ya chuo kikuu, hakuna dhambi juu yake akishindwa kupanda ngazi. Kama dhambi ipo kwa waliozijenga wakijua kuwa yupo, hilo tunaliachia wenye elimu zaidi yetu walitazame.

Tulimpelekea jibu kwa sauti iliyorekodiwa, si kwa karatasi. Msikiti wa mtaa wake umempangia kutoka fungu la mafakiri ujira wa msomaji kwa muhula mmoja, na darsa ya Ijumaa ya wanafunzi imeteremshwa kutoka ghorofani hadi ukumbi wa chini. Muhula wa pili haujapatiwa mtu wa kuulipia. Wallahu aalam.